Kofia ya feni ya mota bila mshono: kufinyanga bamba kwenye leithi, na pale maji yanapoushinda mkono

Nyuma ya mota ya mashine ya kusaga kuna kofia inayofunika feni. Nyingi siku hizi ni za plastiki au za bati jembamba, na gunia moja la mahindi likiiangukia vibaya, imekwisha. Mwenye mashine anakuja na vipande kwenye mfuko: "Fundi, hii inatengenezeka?" Wengi wetu hukata ukanda wa bati, tukaukunja, tukauchomelea, kisha tukachomelea na kitako. Kofia inakaa, lakini si duara kamili, na mtikisiko wa mota unaanza kuutafuna mshono siku hiyohiyo.

Ipo njia nyingine, na mwenye leithi, ile mashine inayozungusha kazi ili ichongwe, tayari ana nusu ya vifaa vyake. Unachukua sahani bapa ya alumini, unaibana mbele ya kalibu yenye umbo unalotaka, unaizungusha, halafu unaisukuma kwa fimbo ya chuma hadi ilale juu ya kalibu kama kitambaa juu ya bakuli. Vifuniko vya taa kubwa za viwandani, midomo ya tarumbeta, mafaneli na hata ncha za roketi hufanywa hivyo. Mimi naiita kufinyanga kwenye leithi, kwa sababu ukitazama kwa mbali ni kama gurudumu la mfinyanzi. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: udongo hauchoki, bamba linachoka. Kila unapolisukuma linakomaa, linakuwa gumu zaidi, na likishachoka kabisa linapasuka. Ufundi wote wa kazi hii ni kujua limechoka lini.

Tuchukue kofia yenye kipenyo cha milimita 200 na kina cha milimita 70. Ukiweza hiyo, nyingine zinafuata.

Bamba

Anza na alumini, unene wa milimita 1.5. Omba ile ya namba 1050 au 1100, ambayo ni alumini tupu kwa asilimia 99 na zaidi, au 3003. Muuzaji akikuuliza ugumu, herufi O ni laini kabisa. H14 ni nusu ngumu na ndiyo utakayoikuta madukani mara nyingi. Inafaa, ila uilainishe kwa moto kabla ya kuanza. H18 ni ngumu. Alumini ya namba 6061 au 7075 iliyokwisha kukazwa usiiguse kwa kazi hii, itakupasukia tu.

Kama umenunua kipande kisicho na alama kwenye skrepa, kata ukanda wa upana wa vidole viwili, ukunje mpaka upande mmoja ulale juu ya mwingine, uugonge kwa nyundo. Ukipasuka kwenye mkunjo, kipande hicho hakiendi kwenye leithi kabla ya kupita kwenye moto. Ukipasuka hata baada ya moto, kirudishe kwenye skrepa.

Bati la mabati lenye zinki liache kabisa. Zinki inachubuka chini ya fimbo, na ukilipasha moto ule moshi mweupe unakupa homa ya usiku kucha. Chuma cheusi cha milimita 1 kinafinyangika, lakini mikono itakuuma wiki nzima, kwa hiyo kiwe cha baadaye. Shaba ni rafiki: inalainika vizuri na inakuonyesha rangi ikiwa kwenye moto, jambo ambalo alumini haikufanyii.

Ukubwa wa sahani

Hapa watu wengi hukisia, wakakata sahani ya milimita 400 "ili isipungue." Sahani kubwa kupita kiasi ndiyo inayokunjamana, kwa hiyo kisia hiki kinakuletea tatizo ulilokuwa unalikimbia. Hesabu ni rahisi. Eneo la sahani bapa liwe sawa na eneo la kitako na ukuta wa kofia kwa pamoja. Ukichambua, unapata hivi: kipenyo cha sahani ni kipeuo cha pili cha (kipenyo cha kofia mara chenyewe, ukijumlisha nne mara kipenyo mara kina).

Kwa kofia yetu: 200 mara 200 ni 40,000. Nne mara 200 mara 70 ni 56,000. Jumla 96,000, na kipeuo chake ni karibu 310. Ongeza milimita 10 za kukata ukingo. Sahani yako ni milimita 320.

Kwa umbo la nusu tufe ni rahisi zaidi: zidisha kipenyo kwa 1.41.

Chora duara kwa bikari, kata kwa mkasi wa bati, halafu piga tupa ukingo mzima. Usidharau hatua ya tupa. Kijino kidogo kilichoachwa na mkasi ndipo ufa utakapoanzia, na hutauona mpaka ukingo umeshafunguka.

Kofia ya feni itatobolewa matundu ya kuvutia hewa kwenye kitako, na hilo tulitumie. Toboa tundu la milimita 6 katikati kabisa ya sahani sasa hivi, na pini ya saizi hiyo kwenye uso wa kalibu. Sahani itakaa katikati yenyewe. Kazi zisizoruhusu tundu zinakulazimisha kuiweka sahani katikati ikiwa inazunguka, kwa kuigusa ukingo kwa kijiti huku umelegeza kidogo kichwa cha nyuma (kile cha leithi kinachosogea na kuikaza kazi kutoka upande wa pili), na hiyo ndiyo dakika ya hatari kuliko zote katika kazi hii. Anayejifunza asianzie hapo.

Kalibu

Kwa kofia tano au kumi, mti unatosha: mkongo au mninga uliokauka barabara. Mti mbichi utakukauka kwenye leithi na kupindika, nawe utadhani mkono wako ndio mbovu. Ubao wa MDF uliogundishwa tabaka kwa tabaka pia unafaa kwa vipande vichache. Ukitaka kufanya mamia, chonga ya chuma.

Kipenyo cha kalibu ni kipenyo cha ndani cha kofia: 200 kutoa milimita 3 za kuta mbili, yaani 197. Pembe ya kitako usiiache kali. Ipe mviringo wa milimita 8 hivi. Bamba linalolazimishwa kupinda ghafla linavutika papo hapo na kuwa jembamba. Ukuta usiwe wima kabisa. Kalibu ipungue kidogo kuelekea kitako, nyuzi moja tu, la sivyo kofia itang'ang'ania. Na toboa tundu la hewa kwenye kalibu, kando kidogo ya pini, toka mbele hadi nyuma. Kofia iliyokaa vizuri inavuta hewa kama kikombe kilichofunikwa juu ya maji, na bila tundu hilo utaigonga kwa nyundo hadi uiharibu kazi yako mwenyewe.

Ifunge kalibu kwenye bamba la leithi (sahani nene inayozungushwa na mashine) kwa bolti, usiibane kwa chaki (meno ya leithi ya kubania kazi) peke yake. Upande wa pili unahitaji kipande cha kuibana sahani: duara la mti au chuma lenye kipenyo cha milimita 175 hivi, dogo kuliko sehemu bapa ya kitako cha kalibu, likiegemea senta (ncha ya kuegemezea) yenye beringi kwenye kichwa cha nyuma. Senta isiyozunguka itawaka moto.

Fimbo na egemeo

Fimbo ya kusukumia ni chuma cha mviringo cha milimita 20 hivi, kimefungwa kwenye mpini mrefu wa mti. Urefu wote usipungue sentimita 75, kwa sababu nguvu inatoka kwenye kiwiliwili: mpini unakaa kwapani, unasukuma kwa kuyumbisha kiuno. Anayesukuma kwa viganja hafiki sahani ya pili. Ncha iwe ya mviringo kama ncha ya kidole gumba, imepigwa msasa hadi ing'ae. Mkwaruzo wowote kwenye ncha utauona kwenye kofia. Kwa chuma cheusi, badala ya ncha weka rola ndogo ngumu yenye beringi.

Egemeo ni kipande cha chuma kilichofungwa mahali pa kawaida pa kisu, kina matundu kwenye mstari, na pini ya kuchomeka. Pini inakaa upande wa kulia wa fimbo. Ukivuta mpini kuelekea kulia, ncha inakwenda kushoto na kulisukuma bamba juu ya kalibu. Bamba likisogea, unahamisha pini tundu linalofuata.

Utahitaji pia kijiti cha mti mgumu kwa mkono wa kushoto, cha kuegemeza nyuma ya sahani. Nitarudi kwake.

Mafuta: sabuni ya mche ndiyo ninayoipenda kwa alumini, au mchanganyiko wa nta ya mshumaa na grisi kidogo. Mafuta mepesi ya injini yanarushwa yote ndani ya sekunde mbili, yanaishia usoni.

Kabla hujawasha

Miwani, ovaroli iliyofungwa vifungo hadi kwenye kifundo cha mkono, na usivae glavu. Najua ukingo wa sahani unatisha, lakini mashine inayozunguka ikiishika glavu inaichukua pamoja na mkono. Usisimame usawa wa ukingo wa sahani, wewe wala anayekutazama. Siku moja sahani ilinichomoka kwa sababu nilikaza kichwa cha nyuma nusu nusu, ikapita juu ya benchi na kujichoma kwenye mlango wa mbao. Mlango ule bado una alama, na mtoto wangu wa kazi alikuwa amesimama pale dakika mbili kabla.

Kuzungusha

Anza polepole, mizunguko 500 kwa dakika. Ukiona sahani imetulia, panda hadi 800 au 900. Ukienda taratibu mno bamba linajikunja. Ukienda kasi mno linapata moto na kutetemeka.

Paka sabuni uso mzima. Weka ncha ya fimbo karibu na kipande kinachobana, chini kidogo ya mstari wa kati, na sukuma kuelekea kalibu. Lengo la kwanza ni dogo: bamba lipinde kwenye mviringo wa kitako na kukamata. Unaposikia mlio umebadilika kutoka ule wa "shaa" kuwa mzito, umeshika. Kuanzia hapo sahani haichomoki tena kirahisi.

Sasa ndipo kosa la wanaoanza. Wakishaona kitako kimelala, wanataka kuulaza na ukuta wote kwa mkupuo mmoja. Mzee aliyenifundisha alikuwa akinipiga begani: "Kijana, iache ije." Maana yake, sahani inatakiwa ipite kwenye umbo la koni kwanza. Unafagia kutoka karibu na kitako kuelekea nje, kwa mkupuo wa tao, na kila mkupuo unaifunga koni kidogo. Usifike ukingoni kabisa kila mara. Acha upana wa kidole. Baada ya mikupuo miwili mitatu ya kutoka nje, rudi na mmoja wa kuingia ndani, toka ukingoni kuelekea kitako. Mkupuo wa kwenda nje unalinyoosha bamba na kulipunguza unene. Ule wa kurudi unalirudisha. Anayefagia upande mmoja tu atapata kofia yenye kiuno chembamba kama karatasi karibu na kitako.

Tazama ukingo wakati wote. Ukingo mzuri unaonekana kama mstari mmoja uliotulia. Ukiona umeanza kuwa na ukungu, kama unaona mistari miwili au mitatu kwa pamoja, hayo ni makunyanzi yanaanza. Simamisha. Makunyanzi madogo unayaondoa hivi: kijiti cha mti nyuma ya sahani kwa mkono wa kushoto, fimbo mbele kwa mkono wa kulia, bamba likiwa katikati yao, na unavipeleka vyote viwili nje kwa pamoja kama unayekamua nguo. Makunyanzi makubwa yaliyokwisha kulaliana hayaponi. Kata sahani nyingine.

Kisa chake huwa nini? Ukingo wa sahani una mzingo wa karibu mita moja, na unataka kuushusha uwe mzingo wa sentimita 63. Chuma hicho kinachozidi lazima kiende mahali. Ukikipa muda, kinaingia kwenye unene na kwenye urefu. Ukikikimbiza, kinakunjamana.

Bamba likichoka

Dalili ni tatu. Fimbo inahitaji nguvu zaidi kwa mkupuo uleule. Bamba linaruka nyuma kidogo ukiiachia fimbo. Na sauti inakuwa kali, ya juu, kama unayegonga glasi. Ukisikia hivyo, toa kipande upeleke kwenye moto, hata kama unaona bado kidogo tu. Ule "bado kidogo" ndio unaopasua ukingo.

Kwa kina cha milimita 70 na alumini laini ya O, mara nyingi utamaliza bila kuipasha tena. Ukianza na H14, pasha kabla ya kuanza, na labda mara moja katikati.

Tatizo la alumini ni kwamba haiwi nyekundu. Inayeyuka kwenye nyuzi 660, na mpaka dakika hiyo inaonekana vilevile. Unageuza macho, unarudi, kuna tundu. Joto unalolitaka ni kati ya nyuzi 350 na 400. Dawa yake ni ileile sabuni ya mche: ichore mistari upande mmoja wa kipande, kisha pasha kwa gesi upande wa pili, mwali mpana unaotembea, usiokaa mahali pamoja. Mistari ya sabuni itakuwa ya njano, halafu kahawia, halafu nyeusi. Ikikaribia weusi, ondoa moto. Kiache kipoe au kitie kwenye maji, kwa alumini hizi haina tofauti.

Shaba yenyewe ipashe hadi iwe na wekundu hafifu, ukiwa kivulini ili uuone, kisha itumbukize kwenye maji.

Safisha masizi yote kabla ya kurudi kwenye leithi. Masizi chini ya fimbo ni msasa.

Kumalizia

Koni ikishafika nyuzi 20 hivi kutoka kwenye ukuta wa kalibu, anza kuulaza ukuta. Hapa unaanzia kitakoni na kwenda ukingoni kwa hatua fupi, ukihakikisha kila sehemu imegusa kalibu kabla ya kuhamia nyingine. Gonga kwa ukucha: iliyogusa inalia kama mti, isiyogusa inalia kama kopo. Mwisho pitisha mkupuo mmoja mrefu, mwepesi, wenye sabuni nyingi, kutoka kitakoni hadi mwisho. Huo ndio unaong'arisha.

Ukingo utakuwa na mawimbi, ni kawaida, kwa sababu bamba la kiwandani linanyooka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Futa sabuni, shuka hadi mizunguko 300, kata kwa kisu chenye ncha ukiwa umekiegemeza imara. Ukitaka ukingo wenye nguvu, acha milimita 8 na uzikunje nje.

Pima unene kwa maikromita sehemu tatu: kitakoni, kwenye mviringo, na katikati ya ukuta. Ukianza na 1.5 na kwenye mviringo ukakuta 1.3, umefanya vizuri. Ukikuta 1.0, unafagia upande mmoja. Kipande cha kwanza kikate katikati kwa msumeno ukitazame; kimeshakufundisha zaidi ya pesa utakayoipata ukikiuza.

Koni za hopa

Mteja akishaona kofia, atakuletea hopa. Koni inavutia kwa sababu inawezekana kuifanya kwa sahani yenye kipenyo kilekile cha mdomo wa koni: bamba halipungui upana, linasukumwa tu kuelekea mbele na kuwa jembamba. Unene unaobaki unatabirika: unene wa mwanzo mara saini (ile "sin" ya kwenye kikokotoo) ya nusu pembe ya koni. Nusu pembe ikiwa nyuzi 30, saini ni 0.5, basi bamba la milimita 3 linatoka 1.5. Ikiwa 45, linatoka karibu 2.1. Viwandani wanatumia rola mbili zinazosukumwa na haidroliki, na wanapata ukuta uliokomaa wenye nguvu kuliko bamba lenyewe la awali. Kwa mkono usijaribu na bamba la milimita 3. Fanya koni kwa njia ya kwanza, kwa sahani pana zaidi, au peleka kwa mwenye mashine.

Pale maji yanapofaa zaidi

Leithi inakupa vitu vya duara tu. Mteja akitaka paa lenye umbo la yai, bomba lenye tumbo katikati, au tii ya bomba (kiungo cha njia tatu) isiyo na mshono, leithi imekwisha. Hapo watu huingiza maji yenye presha upande mmoja wa bamba, na upande wa pili kalibu. Maji yanasukuma kila mahali kwa nguvu ileile, kwa hiyo hayaachi alama ya fimbo. Njia hii ilipata hataza Marekani miaka ya 1950, katika kampuni ya Schaible ya Cincinnati, kwa ajili ya midomo ya mabomba ya jikoni. Mwaka 1997 Chevrolet Corvette ilitoka ikiwa na mihimili mirefu ya fremu iliyofanywa kwa bomba lililotanuliwa na maji.

Kabla hujavutiwa, piga hesabu. Bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 60 na ukuta wa 2 linaanza kutanuka kwenye presha ya kama bar 170. Hiyo inafikika. Lakini likishagusa kalibu, kulijaza kwenye pembe yenye mviringo wa milimita 8 kunataka kama bar 1,000. Na presha hiyo inaisukuma kalibu ifunguke: kwa bomba la urefu wa milimita 500, ni nguvu ya tani 300 hivi. Ndiyo sababu presi zake ni kubwa kama nyumba. Wewe na mimi tutabaki kwenye maumbo yaliyo wazi, yasiyo na pembe, na hapo maji yanatutosha sana.

Mfano ni kuba: kifuniko cha milimita 200 chenye mwinuko wa milimita 40, chuma cheusi cha milimita 1. Unataka bamba la chini la chuma la milimita 20 lenye tundu la maji katikati na mfereji wa oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji yasivuje), pete ya juu ya unene huohuo yenye tundu la milimita 200, na bolti 12 za M12 (za milimita 12) za daraja la ugumu 8.8 kuzizunguka. Presha utakayoihitaji ni kama bar 40. Hesabu bolti kwa 50: nguvu ya kuinua ni kilonewtoni 157, tani 16. Kila bolti unaweza kuipa kilonewtoni 25 bila wasiwasi, kwa hiyo saba zinatosha kushika maji, na zilizobaki zinashika bamba lisiteleze. Ukingo wa ndani wa pete uchongwe mviringo.

Pampu tumia ile ya mkono ya mafundi bomba, ya kupimia mabomba, yenye geji. Mashine ya kuoshea magari ina presha ya kutosha na ziada, lakini haina subira. Ukibonyeza tu, kuba imepita ulipotaka. Pampu ya mkono inakupa milimita moja moja.

Piga pampu kabla ya kuweka bamba, hadi maji yatoke kwenye tundu bila povu hata moja. Hili lisiwe jambo la kubahatisha. Maji kwenye bar 50 yanajibana kwa robo ya asilimia moja, kwa hiyo bamba likipasuka yanatoa mlio, yanamwagika, basi. Hewa kwenye presha hiyohiyo ni bomu. Usitumie kompresa ya hewa hata kama ndiyo pekee uliyo nayo, na usiweke uso juu ya pete. Pima mwinuko kwa rula iliyolazwa pembeni, ukiwa umekaa upande.

Laza bamba, kaza bolti kwa kuvuka, moja na iliyo mkabala nayo, kisha pampu. Mwanzo geji haipandi sana na bamba linainuka haraka. Baadaye linakomaa na geji inapanda. Ukiona bamba linaendelea kuinuka huku geji imesimama au inashuka, acha papo hapo. Linakonda juu ya kilele na limebakiza dakika chache. Kwa kuwa ukingo umebanwa, chuma chote cha kuba kinatoka kwenye unene wake. Ndiyo maana naishia robo ya kipenyo kwa mwinuko, na mara nyingi chini yake. Ukitaka kina zaidi, rudi kwenye leithi, ambako ukingo unaruhusiwa kuja.

Fungua presha kwanza, bolti baadaye. Ipulize kuba ikauke siku hiyohiyo, kwa sababu chuma cheusi kilichotoka kwenye maji kinapata kutu kabla ya chai ya jioni.

Na kalibu zako za mti: usizitupe kazi ikiisha. Zipake mafuta ya kitani, zitundike, na uandike kwa kalamu ya rangi kwenye kitako chake kipenyo cha sahani, unene, na mara ngapi uliipasha. Mteja wa kofia ya milimita 200 atarudi, au atamleta jirani yake mwenye mota ya saizi hiyohiyo, na safari hiyo utaanzia kwenye mkasi.